Miezi mitano na bodi ya MAX30100 hapa Mbeya

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba, mwaka wa mwisho. Bodi hii, kibao kidogo cha kielektroniki kilichobeba chipu ya MAX30100, niliichukua kwa ajili ya utafiti wangu wa kupima mapigo ya moyo kwa mwanga, na nimeshaitukana na kuisamehe zaidi ya mara moja.

Chipu yenyewe siilaumu. Urefu wake ni milimita 5.6, karibu sawa na punje ya mchele wa Kyela, na ndani mna taa mbili, nyekundu ya nanomita 660 na infraredi ya 880 isiyoonekana kwa macho, pamoja na kipokea mwanga. Damu yenye oksijeni hunyonya zaidi infraredi, iliyopungukiwa hunyonya zaidi nyekundu. Chipu inapima mwanga unaorudi kutoka kidoleni, programu inapiga hesabu ya mapigo na ya kiwango cha oksijeni kwenye damu. Wazo la kupima oksijeni kwa kulinganisha mapigo ya damu kwenye taa mbili ni la Mjapani Takuo Aoyagi, tangu miaka ya 1970.

Kilichonitesa ni bodi iliyobeba chipu. Ilikuja na basi kutoka Dar, nikaiunganisha na ESP32 yangu, ile kompyuta ndogo ya kusoma vipimo, kimya. Siku mbili nabadilisha waya na kujiona mjinga. Kumbe rezista tatu za kilo-omu 4.7 aliyeitengeneza kazifunga kwenye volti 1.8, wakati ESP32 inasubiri 3.3. Nilishuka Mwanjelwa kwa fundi simu, akazibandua zote tatu kwa shilingi elfu tatu huku akinicheka. Nikaweka zangu kwa nje kwenye 3.3, ikaamka papo hapo.

Halafu ikaingia Juni. Anayeijua baridi ya Uyole asubuhi ataelewa. Bibi yangu alikuwa mtu wa kwanza kujitolea, ametoka shambani, vidole kama barafu. Mishipa ikishajikunja kwa baridi damu inayopita ni kidogo, na kwenye skrini wimbi la mapigo yake lilikuwa mstari tu. "Mjukuu wangu, mashine yako inasema nimekufa?" Nikamwambia hapana bibi, shika kwanza kikombe cha chai. Baada ya dakika kumi mawimbi yakapanda vizuri. Tangu siku hiyo chupa ya chai ni sehemu ya vifaa vyangu vya maabara, na msimamizi wangu ameshazoea.

Mengine niliyajua kwa kukosea. Ukikandamiza kidole sana unaifukuza damu. Jua la dirishani linaingilia, kwa hiyo nimetengeneza kibanio cha nguo chenye sponji nyeusi. Piko kwenye kucha inaharibu kabisa, msipime bibi harusi. Na mkondo wa taa: nilianza na miliampia 7.6, kwa vidole vyetu vyeusi wimbi likawa dogo mno. Nikapandisha hadi 27.1, tofauti ikaonekana mara moja.

Namba ya oksijeni ndiyo sikubaliani nayo. Programu nyingi za bure zinatumia kanuni ya 110 kutoa mara 25 ya uwiano wa taa mbili, basi. Kidole changu kilipewa asilimia 91. Oksimita ya wodini, mashine ya hospitali ya kupima oksijeni kidoleni, dakika hiyo hiyo ikasema 96. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, 95 isingenishtua, lakini 91 ya mtu anayepanda ngazi huku anaongea? Hata mashine za hospitali zina kasoro: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta zinapitiwa na upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Msimamizi aliitaka ile namba kwenye ripoti. Tulibishana wiki nzima, nikaitoa, nikabaki na mapigo na umbo la wimbi, ambavyo naweza kuvitetea mbele ya yeyote.

Nimeagiza ya pili. Hiyo niliipokea stendi nikaipeleka moja kwa moja Mwanjelwa, kabla hata sijafika nayo nyumbani.