Sevisi ya tobaa ya motohomu pale Uyole: fundi anaanza kwa kukwangua rangi

Wadau wa magari ya kulala na matela, naulizwa sana inboksi tobaa yetu, yaani kile chuma cha kuvutia gari lingine nyuma ya motohomu, tunaifanyia wapi sevisi, basi leo najibu wote kwa mpigo. Ni Uyole, Mbeya, gereji ya matela iliyopo ukishaacha njia panda ukashika barabara ya Tukuyu, haina hata kibao, ukiona rundo la springi chakavu na matela yasiyo na magurudumu ujue umefika. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibania nitaeleza huko chini.

Kwanza muelewe tunavuta nini maana sevisi inategemea na mzigo. Tuna Coaster iliyotolewa viti ikawekwa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, na nyuma inavuta gari dogo, Suzuki Escudo ya zamani ya gia za mkono. Tobaa yenyewe ina umbo la A, miguu miwili inashika kwenye mabano yaliyofungwa chesisi ya Escudo kwa mbele, na kichwani kuna kikombe kinachokaa juu ya boli, yaani tufe la chuma la milimita 50 nyuma ya Coaster. Watu wanauliza ya nini kuburuza gari lingine badala ya kwenda na moja tu, jibu lipo Chimala. Ile barabara ya kupanda kwenda Kitulo inaitwa Hamsini na Saba kwa wingi wa kona zake, Coaster ile yenye mizigo mi siipandishi kule hasa mvua zikishaanza, na maua ya Kitulo yanachanua kipindi hichohicho cha mvua, Desemba mpaka Aprili. Kwa hiyo motohomu inabaki chini, Escudo inaachanishwa, tunapanda nayo. Ukiwa na tobaa nzuri nyanda za juu zote hizi zinafunguka, Kitulo, Isimila, Ruaha, mpaka Matema kule ziwani.

Sasa tobaa huku kwetu inateseka kuliko watu wanavyodhani. Iringa mpaka Mbeya ni kilomita zaidi ya 300, na kila kijiji kina matuta yake, Mafinga huko, Makambako, Igawa, na kila tuta Coaster inainuka Escudo bado iko chini, halafu Coaster inashuka Escudo ndo inainuka, chuma kinapindwa juu chini juu chini siku nzima. Ongeza vumbi la kiangazi linaloingia kwenye kila kiungo chenye grisi, ongeza mvua ya Rungwe ambayo wanaokaa Tukuyu wanaijua wenyewe. Kutu haina msamaha kule.

Ndo maana siku ile tulipofika pale mzee fundi, baada ya shikamoo na marahaba, alikaa kimya muda mrefu anaiangalia tobaa yetu iliyokuwa inang'aa nyeusi tii, kisha akauliza, "Dada, hii rangi nani kaipaka?" Nikamwambia ilitoka sevisi kwenye gereji nyingine, mji mwingine, tukalipa hela nzuri tu. Akasema, "Haya, mi naanza kwa kuitoa." Baba watoto akanitazama, mi nikamwambia mzee endelea.

Akachukua brashi ya waya na msasa akakwangua sehemu zote zilizochomelewa, hasa pale miguu ya tobaa inapoungana na kichwa na pale mabano yanapokunja kona. Halafu akafanya kitu ambacho nataka kila mwenye tela akijue maana hakihitaji mashine yoyote. Alipaka mafuta ya taa juu ya viungo, akaacha yakae kidogo yapenye, akafuta na kitambaa mpaka pakauka kabisa, kisha akasugua chaki juu yake. Ukisubiri dakika kadhaa, penye ufa mafuta yaliyojificha ndani yanatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Kwenye bano la kushoto mstari ukatokea, mwembamba, unafuata ukingo wa welding, urefu kama wa kidole gumba. Jamani nilisisimka. Chuma kile kilikuwa kimeshateremka mlima Kitonga na gari la zaidi ya tani nyuma yake, na wale waliotufanyia "sevisi" walikuwa wameupaka ufa rangi ukapendeza. Sisemi ni gereji gani, ila nasema wazi kwamba kupaka rangi tobaa bila kuikagua ni kumuuza mteja, kwa sababu rangi ndo inaficha ile michirizi ya kutu ambayo ingekuonyesha kuna ufa.

Alivyourekebisha nilipenda pia. Hakuchomelea bano likiwa kwenye gari, alilifungua lote, akausaga ule ufa kwa grainda mpaka ukaisha kabisa na siyo kuuziba juu juu, akachomelea upya pande mbili, akaongeza kipande cha chuma cha kuimarisha kwa nyuma. Akarudia tena mafuta ya taa na chaki juu ya kazi yake mwenyewe, bila kuombwa! Safari hii chaki ikabaki nyeupe. Ndo akaruhusu kijana wake apake redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe.

Kwenye bolti hapo ndo utajua kama gereji ni gereji. Alitoa bolti zote za mabano akaziangalia kichwani, mbili hazikuwa na alama ya 8.8 ambayo ndo nguvu inayotakiwa, zilikuwa bolti za kawaida za kufungia geti huko, akazitupa. Nati za naironi hakurudishia zilizotumika, ukishazifungua ule mshiko wa naironi unapungua kwa hiyo unaweka mpya. Na alikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, siyo kwa bomba refu na nguvu za kijana. Bolti ya milimita 16 yenye 8.8 inakazwa kwenye nyutonimita 200 hivi kama mtengenezaji wa tobaa hajasema vingine, ile ya 12 ni kama 80, ukizidisha unaivuta bolti mpaka inalegea kwa ndani na kwa macho huoni kitu. Halafu akapiga mstari wa rangi ya njano kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ukisimama kuchimba dawa unatupia macho tu, mstari ukiwa umekatika ujue nati imezunguka. Alitusisitiza tukifika Igurusi tusimame tukaze upya maana rangi mpya na washa mpya (vile visahani vya chini ya nati) vinajikalia, na kweli nati moja ilipokea robo mzunguko.

Boli aliipima unene na kalipa, kile kipimo cha kubana, na siyo sehemu moja, aliizungusha kwa sababu boli haiishi sawasawa, inaliwa mbele na nyuma ambako ndo kuna kuvuta na kusukuma. Ikishuka chini ya milimita 49 ni ya kutupa. Yetu ilikuwa 49 na pointi kidogo akasema bado ila tuitafutie mwenzake, hakutulazimisha kununua ya kwake, na hilo nalitaja makusudi kwa sababu angeweza kutuuzia. Grisi ya zamani aliifuta yote kabla ya kuweka mpya. Wengi tunaongeza grisi juu ya grisi, na grisi ikishachanganyika na vumbi la huku inasaga chuma badala ya kukilinda. Akaweka nyembamba, akatupa na kofia ya plastiki ya kufunika boli tukiwa hatuvuti. Kwa wenye zile tobaa za Kimarekani zenye mikono ya kuvutika, mikono ile usiipake grisi nzito, isafishe, ikaushe na uipulizie silikoni maana silikoni haikamati vumbi. Na wenye vikombe vile vya kutuliza tela vyenye pedi ndani, boli yenu inatakiwa kuwa kavu kabisa, ukiweka grisi umeziua pedi.

Taa. Tulikuwa na ugonjwa wa muda mrefu, ukikanyaga breki indiketa za Escudo zinafifia na saa nyingine zinawaka zote kwa pamoja kama za harusi. Kijana wa umeme pale hakugusa balbu hata moja, alienda moja kwa moja kwenye plagi ya pini saba, pini ya tatu, waya mweupe, ambayo ndo athi, njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Ilikuwa na kutu ya kijani. Akakata waya nyuma kidogo mpaka akapata shaba inayong'aa, akafunga pini mpya na athi ya upande wa Coaster akaikwangua mpaka chuma kikaonekana, ugonjwa ukaisha palepale. Soketi nayo kaigeuza kifuniko kifungukie chini maji yasikae.

Minyororo ya usalama tulikuwa tunaifunga imenyooka, wao wakaipishanisha kwa umbo la X chini ya kikombe, ili kikombe kikichomoka kichwa cha tobaa kidakwe na minyororo kisiende kuchimba lami. Urefu wake ni wa kuruhusu kona kali lakini usiburuzike. Na usawa wa tobaa walipima Coaster ikiwa na maji tangini na vyombo ndani, siyo tupu, kwa sababu ikijaa inakaa chini kwa nyuma na tobaa inainama.

Bei: ufundi wote wa tobaa na umeme 120,000, bolti na nati 35,000, welding ya lile bano 40,000. Kwa Mbeya siyo rahisi na siyo ghali, ila nikifikiria ule ufa na mteremko wa kwenda Kyela naona tumelipa kidogo.

Sasa ile nyota moja. Breki. Escudo yetu ina uzito unaozidi tani moja, na nchi kama Uingereza tela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake, siyo maamuzi ya dereva. Pale gereji breki za matela ya mizigo wanazijua vizuri sana, lakini kile kifaa kinachokanyaga pedeli ya gari linalovutwa hawakijui, fundi mwenyewe aliniambia wazi kwamba hataki kujaribia kwangu. Nimemheshimu kwa hilo lakini huduma ya tobaa bila breki imebaki na pengo, na kwa gereji iliyopo kwenye njia wanayopita wageni wa kutoka Malawi na motohomu zao wangejifunza, kazi ingekuwepo. Lingine ni uwanja wao, mvua ikinyesha ni tope tupu na kulala chini ya gari kukagua kunakuwa shida, wangemwaga hata kokoto. Na risiti inabidi uombe.

Kwa sisi mpaka breki zipatikane, Mlima Nyoka na Kitonga tunashuka kwa gia ndogo toka juu kabisa, hatusubiri mpaka breki zinuke, na baba watoto akishafika chini anasimama pembeni anashika rimu za nyuma kwa mgongo wa mkono kuona kama kuna moja limechemka kuliko mengine.

Mambo mawili ya mwisho kwa mnaotaka kwenda. Kabla hujaamua kuvuta gari magurudumu yote yakiwa chini soma kitabu chake, Escudo ya namna yetu inavutwa leva ya fowili (ya kuendesha magurudumu yote manne) ikiwa N, hendibreki imeshushwa na ufunguo umeachia usukani, lakini gari nyingi za otomatiki haziruhusu maana injini ikiwa imezimwa pampu ya mafuta ya gia haizunguki na gia boksi inaungua ukiwa huna habari. Na usirudi rivasi ukiwa umefunga tobaa ya A, hata mita chache za kujipanga sheli, matairi ya mbele ya gari la nyuma yanajikata upande na miguu ya tobaa inapinda, achanisha kwanza.

Nendeni asubuhi, siku za katikati ya wiki, Jumamosi kuna foleni ya matela ya viazi na hamtapata nafasi. Bolti za akiba nunueni kabisa Mwanjelwa mkiwa mnapita, angalieni alama ya 8.8 kichwani, na mkifika mwambieni mzee aanze na chaki.