Tahadhari: Anayewauzia Waswahili safari ya Mani Rimdu na Everest

Ndugu zangu mlioko Doha, Muscat, Dubai, na nyinyi wa nyumbani mnaoweka akiba mpande mlima wa watu: kuna mtu anauza safari ya Nepal kwa Kiswahili kitamu kabisa. Anasema siku 14, sikukuu ya Kibuddha ya Mani Rimdu pale kwenye nyumba ya watawa ya Tengboche, kisha mnapanda hadi kambi ya chini ya Everest, kila kitu ndani kwa dola 1,650. Sisi watatu tulimlipa, tukaenda Novemba 2024, na tukapigwa. Jina lake silitaji, maana nimeshamwona akitumia majina mawili tofauti. Nitawapa alama zake.

Niseme kwanza mimi si mgeni wa milima. Nimezaliwa Moshi, kaka yangu anapandisha wageni Kilimanjaro, na nikiwa kijana nilibeba mizigo misimu miwili. Papasi wa Zanzibar nawajua, wale wa stendi ya Arusha nawajua. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Nilikuwa namkagua kwa yale ninayoyajua, naye akanipitia upande nisioujua kabisa: kalenda.

Mani Rimdu ni sikukuu ya siku 19. Sehemu kubwa ya siku hizo watawa wako ndani wanasali na kutengeneza mandala, ule mchoro wa duara unaochorwa kwa mchanga wa rangi, punje kwa punje. Mgeni huna cha kuona. Siku za watu wote ni tatu tu, za mwishoni. Ya kwanza ni ya baraka: mtawa mkuu anakaa mbele ya umati na kila aliyekuja anapokea, Msherpa mwenyeji wa kule kwa mgeni. Ya pili ndiyo ya vinyago, watawa wanacheza uwanjani wamevaa sura za miungu na mashetani, tarumbeta ndefu zinanguruma, na katikati mna hata kipande cha mzee mchekeshaji. Ya tatu ni ya moto, na ile kazi yote ya mchanga inavunjwa. Hizi tatu ndizo zinazouzwa kwenye picha. Ukizikosa, umekwenda kutazama jengo.

Sasa, siku hizo hazina tarehe ya kudumu. Zinafuata mwezi, na huangukia pale mwezi unapojaa. Mwaka 2023 mwezi mpevu wa Novemba ulikuwa tarehe 27. Mwaka 2024 ulikuwa tarehe 15. Ratiba aliyotutumia yule bwana ya 2024 ilisema ngoma ni tarehe 27 hadi 29 Novemba. Mmeshaona? Alichukua ratiba ya mwaka uliotangulia, akafuta 2023, akaandika 2024, akaendelea kupokea hela. Muislamu yeyote anayefunga angelijua hili bila kufundishwa, kwani Ramadhani yenyewe inarudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka. (Wabuddha wa kule huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka michache, kwa hiyo sikukuu yao inarudi, kisha inaruka mbele.)

Aliyegundua si mimi. Tulikuwa Namche Bazaar, mita 3,440, usiku wa tarehe 26, baridi ya kukata masikio. Mwenzetu, dada mmoja wa Tanga, baba yake mwalimu wa chuo cha Kurani, alitoka nje kwenda msalani akakawia. Aliporudi akaniuliza, "Kaka, si tumeambiwa sikukuu hii ni ya mwezi mpevu? Mbona nje nyota tupu? Mwezi uko wapi?" Nikamwambia mlima umeuficha. Akanitazama hivi, akajifunika blanketi, hakusema neno tena.

Kesho yake tukashuka hadi mtoni, tukapanda kile kilima cha mwisho kinachokutoa pumzi, tukatokea Tengboche, mita 3,867. Pazuri, siwezi kukataa. Mlima Ama Dablam umesimama pale mbele kama umechongwa. Lakini uwanja wa watawa ulikuwa mtupu. Mbwa wawili wamelala juani, mtawa kijana anafagia ngazi. Tukamuuliza ngoma ni saa ngapi kesho. Alitabasamu kwa huruma, akainua mikono akaunganisha vidole kuwa duara, kisha akautupa mkono nyuma ya bega. Mwezi ulijaa, ukapita. Tulikuwa tumechelewa karibu wiki mbili.

Tulimpigia wakala palepale, mtandao ukiwa unakuja na kuondoka. Jibu lake nalinukuu ili mkilisikia mlitambue: "Sikukuu ni siku 19, bosi, tarehe husogea kidogo, hapo mtakuwa mmeingia mwishoni mwishoni." Anautumia ukweli wa siku 19 kama mwavuli. Na hata huo mwavuli ulivuja, maana siku zote 19 zilikuwa zimekwisha.

Mengine nitayapitia haraka, ingawa kila moja lilikuwa na bei yake.

Alituambia ndege ya Lukla, pale matembezi yanapoanzia, inatoka Kathmandu asubuhi. Katika msimu wa watu wengi, Oktoba na Novemba, safari nyingi za Lukla huhamishiwa Manthali, huko Ramechhap, mwendo wa saa nne au tano kwa gari. Huo si utapeli, ndivyo inavyofanyika. Utapeli ni kutotuambia, kisha saa saba usiku dereva anatugongea mlango wa hoteli na kutaka dola 40 kila mtu za "usafiri wa ziada".

Vibali alidai ameshakata. Tulipofika Monjo, kwenye lango la Hifadhi ya Sagarmatha (ndiyo Everest kwa Kinepali), hakuna kibali hata kimoja. Tukalipa wenyewe, rupia 3,000 kila mtu bila kodi, pamoja na ada ya serikali ya mtaa ya Khumbu. Risiti tukapewa dirishani dakika ileile. Yaani kitu unachoweza kukikata mwenyewe umesimama njiani, yeye alitutoza dola 120 kabla hatujaondoka Doha.

Na kuna "kibali maalumu cha sikukuu, kiti cha mbele na baraka ya Lama", dola 180. Baraka ile ya mtawa mkuu haiuzwi. Ukifika siku yake unapanga foleni na bibi vizee wa vijijini, unapokea.

Mwongozaji alikuwa kijana wa chuo, hana leseni, na alituomba radhi mwenyewe siku ya tatu: wakala alimwahidi malipo akirudi, na msimu uliopita hakumlipa. Mizigo yetu watatu alibebeshwa mpagazi mmoja. Niliinua ule mzigo kwa mkono wangu. Ulikuwa unazidi kilo 40. Pale Nepal kiwango kinachotetewa ni kilo 30, kwetu Kilimanjaro ni 20. Mimi niliyekuwa mgumu, kama tunavyoitana kule, nilishindwa kumtazama usoni. Tuligawana, kila mmoja akabeba wake. Nasema hili ili mjue kwamba bei ile ndogo kuna mtu anailipa kwa mgongo.

Lakini lililonifanya niandike si tarehe wala vibali. Ni helikopta.

Ratiba yake haikuwa na siku ya kupumzika Namche. Mtu yeyote aliyepanda mlima anajua ukishavuka mita 3,000 usipandishe malazi kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku chache unatulia. Nililazimisha tukapumzika, kijana akakubali kwa shingo upande. Hata hivyo, tulipofika Dingboche, mita 4,410, rafiki yetu wa Mombasa kichwa kikaanza kumgonga, chakula kikamkataa, akatapika mara moja. Kijana akapiga simu, akampa wakala, na wakala akawa mchangamfu kuliko siku zote. Helikopta iko tayari, itakuja asubuhi, hospitali ya Kathmandu imeshajulishwa, bima italipa yote, "nyinyi hata senti hamtoi, na wenzake wawili wapande pia, wasimwache mgonjwa."

Hapo ndipo akili ya Moshi ikanirudia. Mwaka 2018 mambo haya yalifichuliwa Nepal, serikali yenyewe ikaunda kamati ya kuchunguza. Mawakala, kampuni za helikopta na hospitali walikuwa wakigawana hela za bima za wageni. Mtu anayeumwa kichwa kidogo tu anashushwa kama mahututi, helikopta moja inabeba watu watatu na bima tatu zinadaiwa safari nzima nzima. Waongozaji wengine walituhumiwa hata kutia baking pauda kwenye chakula cha mgeni ili tumbo limharibikie. Kampuni za bima zilitishia kuacha kabisa kuwahudumia wanaokwenda kule.

Basi tukafanya hivi. Pheriche, ng'ambo ya mgongo wa kilima, mwendo mfupi kutoka Dingboche, kuna kliniki ya shirika la uokoaji la Himalaya, ina madaktari msimu wa wapandaji. Tulimpeleka. Daktari akampima hewa kwenye damu, akamtembeza kwenye mstari mguu mbele ya mguu, akamuuliza maswali. Mwinuko umemchukua, akasema, lakini anatembea na ana akili zake. Shukeni leo, msipande. Tukashuka hadi Pangboche. Jioni akala wali na dengu sahani mbili, akaanza kutusimulia habari za simba wa Tsavo ambazo tumezisikia mara mia.

Naomba mnielewe vizuri hapa, msije mkafa kwa ubishi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa maneno, au akihema akiwa amekaa tu na kukohoa mapovu, hiyo si ya kusubiri: ashushwe mara moja, na helikopta ikipatikana ipandeni. Mwenye kuamua awe daktari, au angalau kampuni ya bima mliyoipigia wenyewe kwa namba iliyo kwenye karatasi yenu. Asiwe muuza safari.

Everest hatukuifika. Tulirudi Kathmandu, tukaenda kwa polisi wa watalii pale Bhrikutimandap. Walitusikiliza vizuri, wakatupa chai. Wakataka jina la kampuni, namba ya usajili, mkataba. Tulikuwa na nini? Mazungumzo ya WhatsApp, na risiti ya kutuma dola 1,000 kila mtu kwenye akaunti ya mtu binafsi, ambaye jina lake wala si lile analojiita. Kampuni haikuwemo kwenye orodha yao. Ofisa mmoja akatuambia kwa upole kwamba swali hili tungewauliza kabla ya kulipa, wangetujibu kwa barua pepe. Ilikuwa kama kofi, lakini la haki.

Kwa hiyo ukikutana na safari ya namna hii, ya mtu huyu au mwingine, mdai namba ya usajili na uithibitishe kwa bodi ya utalii ya Nepal au chama cha mawakala wa matembezi, TAAN. Leseni ya mwongozaji ina picha; iombe. Hela iende kwenye akaunti ya kampuni, na kubwa ibaki ukalipe Kathmandu. Soma bima yako mwisho wa mita ni ngapi, kwani nyingi za bei rahisi zinakuacha mita 3,000, yaani kabla hata ya Namche. Uliza kitanda kiko Tengboche yenyewe au Deboche kule chini, maana siku za ngoma nyumba za wageni ni chache na zinajaa. Na tarehe, tafadhali, ulizia kwa wenyewe wa Tengboche au nyumba za wageni za pale, si kwa anayekuuzia.

Wanepali sina ugomvi nao. Wenzangu wengi wa kazini hapa Doha ni wao, na mmoja ndiye aliyenisaidia kuandika malalamiko kwa lugha yao. Mtawa yule kijana alituingiza ndani, akatupa chai ya siagi, akatuonyesha mahali mandala ilipokuwa. Palikuwa pamefagiwa, ila kwenye ufa wa ubao palibaki punje za mchanga wa buluu.

Baadaye niliona tangazo jipya la yule bwana, la Novemba 2025. Picha ya vinyago ileile, bei ilikuwa imepanda hadi dola 1,790. Tarehe za ngoma aliandika 15 hadi 17 Novemba. Fungueni kalenda ya mwezi ya 2025 mtazame siku hizo, kisha mniambie kama mnaona mwezi mpevu.