Kuvua bahari kuu Nungwi na watoto: boti nzuri, samaki haba, na ugomvi wa faulusi

Bei kwanza, maana ndiyo atakayouliza kila mtu wa hapa: laki saba kwa boti nzima, nusu siku, baada ya kuvutana sana kwa simu. Mimi hununua samaki mnadani kila wiki, najua kwa pesa hizo ningerudi nyumbani na nini. Lakini shemegi yangu kaja likizo na wanawe kutoka Maskati, kang'ang'ania kuvua kama wanavyovua watalii, na bwana wangu akaona haya kumwambia nduguye kuwa ni ghali. Basi tukenda, wakubwa watatu na watoto watatu. Jina la boti sitalitaja. Vijana wale wana riziki yao, na mengi wanayafanya vizuri.

Tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi tuwe ufukweni Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja. Tukawa. Petroli ikaja saa moja na nusu, kwenye madumu, juu ya bodaboda. Petroli ya safari ya alfajiri hununuliwa jana yake, hili halitaki elimu.

Boti yenyewe ni ya faiba, mashine mbili, ina kivuli, ina redio ya mawasiliano. Jaketi za kuokolea zilikuwepo hadi za watoto, na baharia alimfunga kila mtoto mwenyewe, akivuta mkanda kuhakikisha haumvuki kichwani. Hapo nawapa alama zote.

Ukishaupita mnara wa taa wa Ras Nungwi, maji yanaacha kijani na kuwa buluu ya wino. Baina ya Unguja na bara maji ni mafupi, lakini ukishika kaskazini kuelekea mkondo wa Pemba, chini kuna shimo la mamia ya mita, na samaki wakubwa wanapita humo. Nahodha, mtu mzima wa hapo hapo Nungwi, alitutaka tutazame ndege badala ya maji: wakizunguka pahala pamoja na kutumbukia, basi chini dagaa wanafukuzwa na sehewa, samaki wa jamii ya jodari. Tukarambaza mishipi minne, yaani kuikokota nyuma huku boti inakwenda, chambo cha plastiki chenye vishada vya waridi, mfano wa ngisi. Kitambo kirefu hakuna kitu. Kaskazi ilikuwa imeanza kukaza, na mtoto mkubwa wa shemegi bahari ikamlevya. Baharia akampa ndimu anuse, akamkalisha nyuma karibu na mashine na kumwambia atazame mbali. Alitapika, lakini mara moja tu.

Halafu fimbo moja ya kuvulia ikapiga kelele. Sehewa. Baadaye sehewa mwengine, na mwisho faulusi, kilo tatu au nne hivi. Huyu alivutwa na mtoto wa miaka kumi, na kilichonipendeza ni kuwa nahodha hakumpokonya fimbo hata mara moja. Alimshika mkanda wa suruali kwa nyuma, akawa anamwambia "vuta, shusha, zungusha" mpaka mwisho. Faulusi akipandishwa ana dhahabu na kijani na madoa ya buluu, unamwona anang'ara. Kisha mbele ya macho yako rangi inamtoka kama kanga mpya kwenye maji ya kwanza, anabaki kijivu. Watoto walinyamaza kimya. Jodari hatukumwona. Sulisuli, yule wa pua ndefu kama mkuki, aliruka mara mbili kwa mbali, akatuaga. Walishatwambia mapema kuwa wao sulisuli na nduaro, mwenzake wa pua ndefu, huwarudisha baharini, na hilo mimi nalikubali.

Wakati wa kurudi tukatia nanga juu ya mwamba, wakatoa mishipi ya mkono, chubwi za kuizamisha na vipande vya ngisi. Changu wadogo wadogo na chewa mmoja, na watoto walicheka hapa kuliko kule kote. Mwenye watoto aombe hili lianze. Kurambaza ni kusubiri, na mtoto hajui kusubiri.

Sasa ugomvi. Tumefika ufukweni, baharia anasema sehewa na changu ni wenu, faulusi ni wa boti. Wa boti vipi? Kwenye makubaliano ya simu hakuna aliyetamka neno hilo. Kupigiwa mwenye boti, naye akashikilia kuwa ndiyo kawaida yao. Kama ni kawaida, isemwe kabla ya kupokea laki saba. Nahodha ndiye aliyetuokoa: akamkata faulusi kati palepale mchangani, akanipa mimi upande wa mkia. Nilimkaanga usiku ule kwa ndimu na kitunguu thomu, na sehewa wakaingia mchuzi wa nazi.

Mengine: boti haina choo. Kwa wanaume si kitu, kwa sisi wenye mabuibui ni mtihani, na nikiwa na mama mkwe ningekataa kupanda. "Chai ya asubuhi" waliyoahidi ni maji ya chupa, biskuti na tikiti. Chukueni mandazi yenu.

Nyota tatu, na mbili katika hizo ni za nahodha na baharia wake. Mwakani shemegi anataka tena, safari hii kabla kaskazi haijashika, maana nahodha anasema jodari wanakuwa wengi zaidi. Nitakwenda, iwapo mwenye boti ataandika kwenye risiti samaki ni wa nani. Akikataa, Nungwi boti zimejaa.