Betri za sola kwa nyumba ya kijijini unayoikarabati mwenyewe: ipi kwanza, ipi mwisho

Kwenye nyumba isiyofikiwa na umeme wa gridi, betri ndiyo inayoamua kama utaishi vizuri au utaishi ukihesabu taa. Paneli nzuri hufanya kazi miaka 25 na zaidi, na inveta ya maana huvuka miaka 10. Betri iliyochaguliwa vibaya inaweza kufa ndani ya mwaka mmoja, tena baada ya kumaliza fedha uliyoitenga kwa ajili ya paa. Kwa hiyo hapa nazungumzia betri peke yake, nikizipanga kuanzia ile ningeinunua kwanza hadi ile nisingeinunua kabisa.

Kipimo changu ni kimoja: betri hii itanipa umeme kiasi gani tangu siku naifunga mpaka siku naitupa? Namba kubwa ya Ah (ampea-saa) iliyobandikwa ubavuni haijibu swali hilo. Ili ulijibu, zidisha volti kwa Ah upate wati-saa. Kisha chukua sehemu ya chaji unayoruhusiwa kuitumia bila kuiumiza betri, halafu zidisha kwa idadi ya mizunguko ya kushusha na kujaza ambayo betri inaweza kuvumilia.

Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah 100 ina wati-saa 1,280. Ukitumia asilimia 80, unapata takriban 1,020 kila mzunguko, na kwa mizunguko 3,500 hizo ni zaidi ya kilowati-saa 3,500. Betri ya maji ya tubula, volti 12 na Ah 150, ina wati-saa 1,800, lakini unatumia nusu tu, yaani 900. Kwa mizunguko 1,200 unapata kama kilowati-saa 1,080. Betri ya gari ya Ah 100 ukiitumia hivyo hivyo kwa nusu, ikivumilia mizunguko 100, inakupa kilowati-saa 60. Chukua bei uliyotajiwa, igawe kwa namba hizo, na muuzaji hatakuwa na la kukudanganya.

Kabla ya kwenda dukani, andika matumizi yako. Taa sita za LED za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 210. Friji ndogo isiyokula umeme, kama 700 kwa siku. Pampu ya maji ya wati 500 ikifanya kazi nusu saa, 250. Simu, redio na kompyuta mpakato, 250 nyingine. Jumla ni 1,410, na ukiongeza kiasi kinachopotea kwenye inveta unafika kama 1,550. Ukitaka kuvuka siku mbili za mawingu mazito, unahitaji wati-saa 3,100 zinazotumika kweli, siyo za kwenye lebo.

Tahadhari moja kwa anayekarabati mwenyewe: usipime betri kwa vifaa vya ujenzi. Grenda ndogo inavuta wati 800, msumeno wa umeme 1,400 au zaidi, na mashine ya kuchomelea ni habari nyingine kabisa. Kazi hizo ni za miezi michache, na betri ni ya miaka. Azima au kodi jenereta kwa wiki za kazi nzito, kisha nunua betri inayolingana na maisha ya kila siku. Drili na bisibisi za betri zake zenyewe zitachajiwa mchana jua likiwa kali, na hazitaleta shida.

Nafasi ya kwanza: lithiamu ya chuma na fosfeti

Kwenye lebo imeandikwa LiFePO4 au LFP. Kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas ndilo lililoitangaza kemia hii mwaka 1997, na uzuri wake kwa nyumba ya makazi ni kwamba fosfeti hushikilia oksijeni kwa nguvu. Seli ikipata joto kupita kiasi, ni vigumu zaidi kuwaka moto kuliko lithiamu za aina ya nikeli na kobalti.

Inatumika kwa asilimia 80 hadi 90 ya chaji yake bila kuumia, na umeme unaoiingiza unarudi takriban asilimia 95. Betri za risasi na asidi hurudisha kama asilimia 80 hadi 85. Tofauti hiyo unaiona msimu wa mawingu, wakati kila wati ya paneli ina thamani. Zaidi ya hayo, haiumii kukaa nusu chaji kwa wiki nzima. Betri za asidi zikikaa hivyo, salfeti ya risasi huganda kwenye sahani zake na uwezo unapungua bila kurudi.

Kwa mfano wetu wa wati-saa 3,100, betri moja ya volti 25.6 na Ah 150 inatosha. Watu wawili wanaibeba kwenye njia mbaya bila taabu, na kwa nyumba iliyo mbali na barabara hilo si jambo dogo.

Udhaifu wake upo. Haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa hiyo kwenye nyanda za juu zenye baridi kali hakikisha ubao wake wa ulinzi, yaani BMS, unakata chaji wenyewe. Pia volti yake haibadiliki sana kati ya kujaa na kukaribia kuisha, hivyo mita ya volti haikuambii kitu. Nunua kipimo cha shanti kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Dukani uliza mambo matatu. BMS inaruhusu ampea ngapi mfululizo, siyo kwa sekunde chache? Dhamana imeandikwa kwa miaka na kwa mizunguko? Na betri ina uzito gani? Ya volti 12.8 na Ah 100 kwa kawaida ina kilo 10 hadi 13. Ukiletewa ya kilo sita yenye lebo hiyo hiyo, seli hazimo zote.

Nafasi ya pili: betri ya maji ya tubula

Hii naiheshimu sana. Ni teknolojia ya risasi na asidi iliyoanza na Gaston Planté mwaka 1859, ila sahani zake chanya zimejengwa kwa mirija inayoshikilia kemikali isimomonyoke. Kwa mtu asiye na fedha ya lithiamu leo, mwenye muda na mkono wa kutunza vitu, ni chaguo la haki. Inasamehe makosa ya chaji kuliko betri kavu, maji yakipungua unaongeza, na mafundi wengi wanaijua.

Gharama yake ni kazi. Kila mwezi au miwili unafungua vizibo, unatazama kiwango, unajaza maji yaliyochemshwa na kutoneshwa. Ya bomba hapana, ya mvua hapana. Unapima kila seli kwa haidromita, yaani kipimo cha uzito wa asidi. Seli sita zikisoma karibu sawa, betri ni nzima. Moja ikibaki nyuma sana hata baada ya chaji kamili na chaji ya kusawazisha, hiyo ndiyo itakayoiua betri yote. Vaa miwani na glavu, maana asidi haina subira na macho.

Ikichajiwa inatoa hidrojeni, na hidrojeni huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Kwa hiyo inakaa kwenye chumba au kasha lenye tundu la juu la kutolea hewa nje, kamwe si chumba cha kulala. Uzito nao ni mzigo. Kwa mfano wetu utahitaji nne za Ah 150, kila moja zaidi ya kilo 50, kwa hiyo andaa sakafu ya zege kabla hazijafika.

Soma lebo kwa makini. Ah zinaambatana na alama kama C10, C20 au C100, maana yake saa ambazo betri ilishushwa wakati wa kupimwa. Betri ikishushwa polepole kwa saa 100 inaonekana kubwa kuliko ikishushwa kwa saa 10. Ukilinganisha mbili, linganisha C10 kwa C10. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopunjwa bila kujua.

Nafasi ya tatu: betri kavu, jeli na AGM

Hizi ni za risasi na asidi pia, ila asidi imegandishwa kuwa jeli au, kwa AGM, imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo. Hazihitaji maji, hazitoi gesi kwa kawaida, na zinafaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuzikagua, kama banda la pampu. Ila zikitumiwa kwa nusu ya chaji, nyingi huishia mizunguko 500 hadi 800, na joto linazimaliza haraka: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri kwa takriban nusu. Chini ya paa la bati lisilo na dari, hesabu hiyo ni kali. Jeli ikichajiwa kwa volti za AGM au za betri ya maji hupata mapovu ndani yasiyotoka tena, kwa hiyo lazima kidhibiti chaji kiwekwe kwenye mpangilio wake hasa. Ningezinunua kwa taa na simu tu.

Nafasi ya nne: lithiamu zilizotoka kwenye magari ya umeme

Zinavutia, na kwa mwenye ujuzi zinaweza kuwa dili nzuri. Lakini hujui zimetumikaje, nyingi ni za nikeli na kobalti ambazo zikianza kuungua hazizimiki kirahisi, na utalazimika kupima kila seli na kuunda BMS mwenyewe. Kama unajiuliza kama una ujuzi huo, huna bado. Na zikiwemo, zikae nje ya nyumba, kwenye kibanda kisichowaka.

Nafasi ya mwisho: betri ya gari

Sahani zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukizishusha kila usiku zinachakaa baada ya miezi michache. Usinunue mpya kwa kazi hii. Kama unayo ya zamani, itumie kwa taa moja ya stoo wakati unajenga.

Volti ngapi, na siku ya kupokea

Nyumba ya taa na simu inatosha kwa volti 12. Ukiwa na friji na pampu nenda 24, na ukipita wati 3,000 nenda 48. Mzigo wa wati 1,200 kwa volti 12 ni ampea 100, kwa 24 ni 50, kwa 48 ni 25 tu, na upotevu kwenye nyaya hushuka kwa mraba wa ampea. Waya nene wa shaba ni ghali, na volti ya juu inakupunguzia.

Betri ikifika, usiifunge ukutani siku hiyo hiyo. Ichaji mpaka ijae, iunganishe na inveta yenye mzigo wa wati 300 usiobadilika, na uandike saa. Lithiamu ya volti 12.8 na Ah 100 inapaswa kwenda karibu saa tatu na nusu hadi nne kabla ya kukata. Ikikata baada ya saa mbili, irudishe kwa dhamana ikiwa bado mpya na karatasi ziko mkononi.

Kisha fyuzi. Iwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Kwa lithiamu tumia fyuzi ya aina ya T, kwani shoti yake inaweza kutoa maelfu ya ampea ambazo fyuzi za kawaida za gari hazina uwezo wa kuzikata. Swichi nazo ziwe za umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri: za ukutani za AC, yaani mkondo geu, hazikati cheche ya DC, na huyeyuka ndani. Kaza nati kwa nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya betri, halafu baada ya wiki chache za matumizi zima kila kitu na uzikague tena, maana kiungo kilicholegea hupata joto kabla hujaona dalili yoyote.