Woodstock na Altamont: mwaka mmoja, jukwaa mbili

Woodstock, tamasha la muziki la Agosti 1969, kwenye shamba la ng'ombe huko Bethel, New York: watu takriban 400,000, mvua, tope, chakula kikaisha. Wahipi wa Hog Farm, kundi lililoishi pamoja kijumuiya, wakapika na kugawa, wakawatuliza watu kwa upole. Jukwaa lilikuwa limeinuliwa juu.

Altamont, tamasha jingine la muziki, huko California, Desemba 6 mwaka huohuo: eneo lilibadilishwa siku chache tu kabla ya onyesho. Jukwaa la kimo cha mita moja hivi likawekwa chini ya mteremko, umati ukalisonga. Ulinzi? Hells Angels, genge la pikipiki, waliowatandika watu kwa fimbo za biliadi. Kijana wa miaka 18 alichomwa kisu akafa, bendi ya Rolling Stones wakiwa bado wanapiga. Naumia kila nikimfikiria. Ningechagua Woodstock, na tope lake lote.