Msitu wa Mpanga na Ngoma za Mpambire: Matembezi ya Siku Moja kutoka Kampala

Kwa mkazi wa Kampala anayetaka kutembea msituni bila kupanda milima, msitu wa Mpanga, ulio wilayani Mpigi kando ya barabara ya Masaka, ndio chaguo ninalolipendekeza kwanza. Njia zake ni tambarare kiasi kwamba mama yangu, aliyekwisha kuvuka miaka sitini, alizipita akiwa na fimbo tu, akisimama mara kwa mara kutazama miti mirefu ambayo mizizi yake imetanuka juu ya ardhi kama kuta. Vipepeo ni wengi. Kima tuliwasikia zaidi ya kuwaona.

Hata hivyo, uzuri wa safari hii kwangu ulikuwa Mpambire, kituo kilicho jirani, ambako mafundi hutengeneza ngoma za Kiganda kando ya barabara, wakichonga mizinga ya miti na kuiwamba ngozi ya ng'ombe inayokazwa kwa kamba za ngozi. Fundi mmoja alitueleza kwa subira jinsi unene wa ngozi unavyobadilisha sauti, kisha akatupigia ngoma mbili ili tulinganishe. Msikimbilie kuondoka hapo.

Lawama yangu ni kwa waliotusafirisha: walichelewa saa nzima, na kiongozi wao hakujua lolote kuhusu miti. Ni afadhali kupanda matatu hadi Mpigi na kumtafuta kiongozi palepale msituni. Vaeni viatu vya kufunika miguu, kwani siafu hawabagui mgeni.