Sinthesaiza ya moduli ya kwanza kwa pesa kidogo: tizama umeme wake kabla hujatizama moduli

Toka Ramadhani imalizike naletewa lalamiko la aina moja tu. Mtu kajikusanyia moduli zake tatu nne za Eurorack (vipande vya sinthesaiza vinavyouzwa kimoja kimoja ukaviunganisha kwa waya), kaagiza moja Ujerumani, moja Marekani, kasubiri wee mpaka zimefika, kazifunga kwenye sanduku, zinapiga, lakini noti haikai. Anabonyeza, noti inateleza. Akitia moduli nyengine yenye taa za kuwakawaka basi noti inatikisika pamoja na taa. Halafu kila mmoja ananiuliza swali lile lile, nitafute osileta (moduli inayotoa sauti yenyewe) gani nzuri badala ya hii mbovu? Osileta yenu haina ubaya jamani. Kibovu ni pawa saplai, na hakuna hata mmoja kati yenu alouliza habari ya pawa saplai kabla hajatoa pesa yake.

Kwa hiyo humu sitoeleza filta (moduli ya kuchuja sauti) ipi sauti yake nene na ipi nyembamba, hayo utayapata kila pahala na mwisho wake ni sikio lako mwenyewe. Nimepanga kwa kipimo kimoja, umeme unaozilisha hizo moduli, kwa sababu ndo kitu ambacho wauzaji hawakisemi na wanunuzi hawakiulizi.

Kwa anaeanza kabisa: Eurorack ni mpango wa Mjerumani Dieter Doepfer, aliuleta na mfumo wake wa A-100 katikati ya miaka ya 1990 na baadae watengenezaji wengine wakaufuata. Moduli zote zina urefu mmoja, milimita 128.5, upana unahisabiwa kwa HP na HP moja ni milimita 5.08. Nyingi zinakula volti +12 na -12, baadhi zinataka na +5, na umeme unaingia kwa utepe wa waya nyuma. Noti zenyewe ni volti tu, ukipanda volti moja umepanda oktava moja.

Hapo ndo pa kushika. Volti 1 ukiigawa kwa 12 nusu toni ni milivolti 83 na ushei. Na sisi huku hatuishii kwenye nusu toni. Anaetaka kupiga makamu ya rasti au bayati vile kanuni na fidla za taarabu zinavopiga anataka robo toni, na robo toni ni kiasi cha milivolti 42. Hili ndo khasa linalonifanya niwaambie watu wa Zanzibar wahangaike na moduli wakati kinanda cha kawaida ni rahisi zaidi, maana kinanda kimefungwa kwenye noti 12 mpaka ukanunue vile vilotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, lakini osileta haina mpaka, inakwenda popote baina ya noti na noti. Unachukua osileta ya Doepfer A-110-1, noti kutoka kwenye kinanda unaitia tundu la kwanza, tundu la pili lina kifundo chake cha kupunguza, unalitilia volti ndogo kutoka A-183-2, moduli yao ndogo ya kutoa volti, unazungusha taratibu mpaka sikio likubali. Sikio lilokulia kwenye taarabu linajua pa kusimama bila ya mita.

Sasa niambie, kama ardhi ya sanduku lako inapanda na kushuka milivolti 20 au 30 kila taa ikiwaka, hiyo robo toni utaipata wapi?

Na ardhi ndo inayoharibu, si volti 12. Watu wanachukua mita wanapima +12, wanaona 12.0, wanasema saplai nzima. Umeme uloingia kwenye moduli lazima urudi, na sehemu yake inarudia waya wa ardhi. Masanduku ya bei ya chini yana utepe mmoja mrefu wenye soketi zimepangwa juu yake, waya zake nyembamba, moduli zote zinarudishia umeme njia moja, basi ni kama mtaa mzima ukifungua mifereji saa ile ile asubuhi, wa mwisho presha yake haitabiriki. Osileta ilokaa mwisho wa utepe inaisoma noti kutoka kwenye ardhi yake yeye, na ardhi yake si ile ya kinanda kilopeleka noti. Tofauti ndogo tu na mwanafunzi anaanza kulaumu osileta. Ukishakuwa na sanduku la namna hiyo na huna pesa ya kulibadilisha, weka osileta karibu na pale umeme unapoingilia, moduli za kidijiti na zenye taa nyingi peleka mbali, na fupisha tepe. Inasaidia, haimalizi.

La pili ni hisabu ya miliampea. Kila moduli inakula kiasi chake kwenye +12 na kiasi chake kwenye -12, unajumlisha kila upande peke yake na jumla isipite robo tatu ya kile saplai inachoweza, kwa sababu moduli zikiwashwa zote pamoja zinavuta zaidi kwa muda mdogo wa mwanzo. Moduli za kidijiti ndo walaji, moja inaweza kufika miliampea 100 au zaidi upande wa +12 peke yake. Nasema hivi kwa sababu mafundi wadogo wadogo wengi sasa wanauza nakala za moduli za Mutable Instruments, yule Émilie Gillet wa Ufaransa aliacha michoro yake wazi na kampuni ikafungwa 2022, na nakala zake ndogo nyembamba za bei nafuu kila mwanafunzi anazikimbilia. Nzuri, sizikatai, lakini ukizibana tano kwenye sanduku dogo ushamaliza umeme na nafasi bado unayo.

Haya, mpango wangu ni huu.

Namba moja ni Doepfer, na siwezi kujifanya sina upande. Chukua sanduku lao la LC6, safu mbili za HP 84 kila moja, mbao yake ghafi haina rangi wala urembo (ipake vanishi mapema, hewa yetu ya chumvi haina huruma na mbao wala skurubu). Ndani kuna saplai yao ya PSU3, miliampea 2000 kwenye +12, 1200 kwenye -12, na +5 wanakupa tele. Inapokea umeme wa 100 mpaka 240, kwa hiyo zile jioni za huku kwetu taa zinapofifia na feni inazunguka kivivu yenyewe haishtuki. Basbodi, ile bodi inayogawa umeme kwa moduli, ni basbodi ya kweli, si utepe. Na kitu kinachonifanya niwapende hawa watu kuliko wote, kila moduli wanaandika inakula miliampea ngapi, kila moduli, hata ile ndogo ya kugawa waya tu wanakwambia kuwa haitaki umeme. Ndani yake uanze na A-110-1, filta ya A-120, A-140 ya kuumba noti inavyoingia na kutoka, A-132-3 ya kupandisha na kushusha sauti, halafu kinanda cha Arturia KeyStep kiingize noti kwa waya moja kwa moja. Moduli zao nyingi ziko baina ya euro 50 na 150. Huzipati zote mara moja, nunua sanduku na mbili, subiri, nunua ya tatu. Sanduku litakuwa tupu nusu mwaka mzima na hamna aibu, kwa sababu kila utakachokitia kitasimama kwenye noti yake.

Watu wananiambia sanduku pekee linakula nusu ya pesa. Ndio, na iwe hivo. Moduli utaziuza na kubadilisha, saplai utakaa nayo.

Namba mbili ni zile nusu moduli, chombo kimoja kilokamilika chenye matundu ya kuunganisha waya. Hapa namtaka Moog Mother-32, ilitoka 2015, matundu 32, sikwensa (ya kupiga noti zilizopangwa zenyewe) ya hatua 32, na adapta yake mwenyewe kwa hiyo hakuna jirani wa kuiharibia ardhi. Siku ukipata sanduku unaitoa kwenye kibati chake unaiingiza, inachukua HP 60. Behringer Neutron inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya chini zaidi na ina osileta mbili, inaingia sandukuni pia lakini inakula HP 80, yaani safu nzima ya LC6 karibu yote imekwisha. Kwa anaetaka kupiga leo leo, namba mbili inaweza kuwa namba moja yake, sibishani.

Namba tatu Korg Volca Modular ya 2019. Betri sita za AA! Umeme wa betri ni msafi, hauna mvumo, na siku umeme wa mtaa ukikatika wewe unaendelea, ina spika ndani pia. Vipande vinane, vituo 50 vya waya. Lakini waya zake ni vile vijiti vyembamba vya mafundi wa elektroniki, si jeki za kawaida, na volti zake za ndani zinaishia 3.3, kwa hiyo usitegemee kuichanganya na Eurorack bila ya shida. Kujifunzia inatosha sana.

Namba nne ni kulehemu mwenyewe. Kama mkono wako umezoea risasi na pasi, seti za vipande vya kulehemu za Moritz Klein na Erica Synths wa Latvia zina vitabu vinavyokufundisha kila kipande kinafanya nini, sijaona mafunzo mazuri kuliko hayo. Tabu ni moja, mtu analehemu osileta kwa wiki nzima vizuri mashaallah halafu anailisha kwa saplai ya kuokoteza.

Vya rahisi zaidi ya hapo sina mengi. VCV Rack ni programu ya bure ya kompyuta, ipakue ujue waya unakwenda wapi. Bastl Kastle ya zamani, kisinthesaiza kidogo cha betri tatu, inachangamsha. Basi.

Mtumba je? Mtumba sawa, lakini soma adapta. Ikiandikwa 100-240V ni salama, ikiandikwa 120V peke yake hiyo ni ya Marekani na ukiichomeka kwenye 230 yetu imekwenda na pengine imechukua na moduli. Na uliza tepe zake zipo. Mstari mwekundu wa utepe ndo upande wa -12, uangalie ubavuni mwa pini kabla hujachomeka hata kama umechoka, hata kama ni usiku, kwa sababu ukiugeuza kuna moduli zinazokufa hapo hapo.

Sasa wauzaji. Nimechoka na tangazo la sanduku lililoandikwa "lina umeme" basi, halafu chini wati 30. Wati 30 ya nini? Wati haikwambii chochote, inaweza kuwa yote iko upande wa +12 na -12 imepewa miliampea 300, na osileta na filta za analogi zinataka -12 sawa sawa. Mtu anaeuza kitu cha mamia ya euro anashindwa kuandika namba tatu? Ukimuandikia anajibu linatosha moduli nyingi. Nyingi ni ngapi. Usinunue mpaka akupe tarakimu, +12 ngapi, -12 ngapi, +5 ngapi, na akupigie picha ya basbodi yenyewe si mbao ya mbele.

Na huku kwetu pia. Nimeuziwa mjini adapta imeandikwa volti 12 ampea 2, nyepesi mkononi kama haina kitu ndani, kuivuta ampea moja tu ikashuka chini ya 11 na ikaanza kunuka. Muuzaji kaniambia mbona redio ya kila mtu inafanya kazi. Redio haipigi robo toni bwana! Kibandiko anachapisha anaetaka, hakuna anaemuuliza, na anaeumia ni kijana alokusanya pesa mwaka mzima.

Kuna na hili la mzigo, maana kwa wengi wetu kila kitu kinapita Dar kwanza ndo kivuke. Wasafirishaji wa ndege wanakuhisabia kwa ukubwa wa boksi, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5000, na ikiwa hiyo ni zaidi ya uzito wa mizani unalipa hiyo. Boksi la 50 kwa 40 kwa 30 ni elfu 60, gawa, kilo 12, hata kama ndani kuna mbao tupu ya kilo tano. Nimeona mtu kalipa sanduku lije peke yake, mwezi wa pili moduli zikaja kwenye boksi jengine, kalipa tena. Mwambie muuzaji zile moduli zako mbili za mwanzo azifunge humo humo sandukuni kwa skurubu zake, tepe ziwe zimeshachomekwa na yeye, na patupu pajazwe karatasi, kwa sababu ile nafasi ya ndani umeshailipia.